Breka Hii ni ya Wapi? Fundi Umeme Anajibu Maswali Yenu

Habari zenu wasomaji, za Moshi, za Arusha na za kwingineko. Mwezi huu maswali mengi yaliyoingia yanazunguka jambo moja, mtu anafungua kimlango cha bodi ya umeme anakuta breka zimejipanga kama meno alafu hakuna hata moja anayoijua ni ya wapi. Nimechagua maswali manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu linagusa nyumba nyingi sana, hata kama wewe huna gesti naomba ulisome.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina gesti ndogo hapa Soweto Moshi, vyumba tisa. Fundi aliyefanya waya alishahama na namba yake haipatikani. Bodi ina breka 18, zilizoandikwa ni mbili tu, HITA na JIKO, na hiyo ya JIKO nikiizima jiko la umeme linaendelea kuwaka ila taa za korido zinazimika. Kila kitu kikiharibika inabidi nizime meni nzima na wageni wanalalamika. Mwanangu kaniambia kuna kimashine unachomeka kwenye soketi kinakutafutia breka yake. Ni kweli au ni utapeli? (Mama wa gesti, Moshi)

JIBU: Shikamoo mama, na pole na usumbufu. Mwanao kakuambia kweli, hicho kitu kipo na kinafanya kazi, mafundi wengine wanakiita tresa. Ila nikueleze kinavyofanya kazi, kwa sababu ukishaelewa hutakipa sifa ambazo hakina.

Kinakuja vipande viwili. Kimoja ni kitumaji, hicho ndio unachomeka kwenye soketi na kitaa chake kinawaka kukuonyesha umeme upo. Kikishakaa pale kinavuta umeme kidogo kidogo kwa mapigo ya haraka, na yale mapigo yanapita kwenye waya mpaka kwenye bodi, yanapita ndani ya breka inayolisha hiyo soketi. Sasa ndani ya kila breka kuna koili ndogo, ndio ile inayoirusha breka shoti ikitokea, mapigo yakipita pale yanatengeneza usumaku kidogo unaotoka mpaka nje ya breka. Kipande cha pili ni kipokezi, kinatumia betri, ukikipitisha juu ya breka kinausikia ule usumaku na kinalia.

Pitisha mara mbili mama. Hapa ndio watu wanaposema wameuziwa kitu kibovu. Mara ya kwanza kinaweza kulia kwenye breka tatu au nne, usishtuke wala usikirudishe dukani, vingi vimetengenezwa hivyo, hapo kinajipima kijue ni wapi mapigo yana nguvu zaidi. Bila kukizima rudia toka breka ya kwanza mpaka ya mwisho, taratibu, ncha yake iguse mwili wa breka pembeni ya kikono, na ukishike upande ule ule kwa breka zote maana ukikigeuza kidogo tu usikivu wake unabadilika. Mara ya pili kinatakiwa kulia kwenye moja. Kama bado kinalia mbili, mara nyingi ni kwa sababu waya zake zimepita bomba moja na za jirani zinadaka mapigo ya mwenzake, basi zima vitu vizito kama hita na pasi alafu urudie. Alafu ile breka iliyolia izime, na mtu uliyemwacha chumbani akuambie kwa simu kama kitaa cha kitumaji kimezimika. Kikizimika ndio umeipata, kisipozimika bado hujaipata hata kama kipokezi kimelia kwa kelele zote.

Kwa taa kuna holda ya kugeuza, unatoa balbu unaweka hiyo holda inakuwa soketi, unachomeka kitumaji pale juu. Angalia tu kama holda zako ni za pini au za kuzungusha. Lakini kwa taa wala huhitaji kuhangaika sana, ziwashe zote uzime breka moja moja uone zipi zimezimika. Hita za kuogea vile vile, swichi yake nyingi zina kataa kekundu, kakizimika umeijua breka. Pampu ya kisima ambayo imeungwa moja kwa moja bila soketi mwachie fundi.

Kitu kingine kitakachokusaidia kabla hata hujachomeka chochote ni kusoma namba iliyo usoni mwa breka. Zile za 6 au 10 karibu siku zote ni taa, za 20 mara nyingi ni soketi, na 32 inaweza kuwa hita, jiko au mzunguko mkubwa wa soketi. Hapo tayari kazi ya kubahatisha imepungua nusu. Na nadhani hii ndio siri ya hiyo JIKO yako, angalia kama ni 10, kama ni 10 basi haijawahi kuwa ya jiko, au kuna mtu alibadilisha breka iliyoungua akahamisha waya na hakuhamisha maandishi.

Hilo la maandishi naomba nilisemee kwa uchungu. Miaka ya nyuma niliitwa kwenye nyumba moja hapa hapa Moshi kubadilisha soketi ya barazani. Bodi ilikuwa imeandikwa vizuri kabisa, kwa kalamu ya wino juu ya tepu nyeupe, BARAZA, nikaizima, nikaja na tesita yangu ya bisibisi nikagusa soketi, sikuona kitaa. Saa sita mchana, jua la Moshi mnalijua, pale barazani mwanga ulikuwa mkali kiasi kwamba kile kitaa kidogo cha tesita hata kingewaka nisingekiona. Kilikuwa kinawaka. Nilifungua skrubu ya pili, kidole kikagusa waya, mkono wote mpaka begani ukawa kama umepigwa rungu, nikaanguka na kiti. Nilikuwa na bahati sikushika, niligusa tu. Lile tepu la BARAZA lilikuwa la kweli siku lilipobandikwa, baadaye mtu akaongeza chumba na kuunga waya za baraza kwenye breka nyingine. Tangu siku hiyo tesita ya bisibisi naitumia kama dokezo tu, uhakika ni maltimita, na hata hiyo maltimita naipima kwanza kwenye soketi ninayojua ina umeme, ndio napima ninapotaka kugusa, alafu narudi tena kwenye ile yenye umeme kuhakikisha mita haijafa katikati. Mara tatu. Tresa inakuambia breka ni ipi, haikuambii kwamba umeme umekatika, hizo ni kazi mbili tofauti mama na mtu akizichanganya ndio tunamzika.

Sasa kwa gesti yako fanya hivi. Chagua siku ambayo vyumba vingi vimekaa tupu, usijaribu mwezi wa kumi na mbili watu wamepanda nyumbani wala ile wiki ya mbio za Kilimanjaro. Asubuhi saa nne wageni wameshatoka. Chukua daftari, kila soketi ipe jina kwa chumba na mahali, mfano "Chumba 3, ukutani kitandani", usiandike "soketi 1" maana baada ya miezi sita hata wewe hutakumbuka ndio ipi. Anza chumba cha kwanza maliza soketi zake zote, usidhani chumba kimoja ni breka moja, nimeshaona choo cha chumba cha tano kinalishwa na chumba cha pili kwa sababu waya ilikuwa fupi siku hiyo. Ukimaliza andika karatasi safi kwa maka peni, weka kwenye mfuko wa plastiki, bandika ndani ya kimlango, alafu piga picha na simu. Andika na tarehe.

Kimlango cha nje unaweza kukifungua mwenyewe. Kile kifuniko cha ndani chenye skrubu usikifungue, nyuma yake kuna sehemu zina umeme hata ukizima breka zote.

Na kama bajeti haipo kwa sasa, chukua redio, ichomeke kwenye soketi, fungulia sauti mpaka uisikie ukiwa kwenye bodi, uzime breka moja moja mpaka inyamaze. Kazi ile ile. Tofauti ni kwamba unazimia watu umeme mara kumi na nane, kompyuta zizimwe kabla, na friji ikikatikiwa umeme iache dakika tano ndio uirudishie, ukiirudishia papo hapo kompresa inateseka.

SWALI: Aisee fundi, mimi ni kijana nimemaliza VETA niko Sakina Arusha natafuta kazi za mtaani. Binamu yangu yuko Marekani kanitumia tresa ya kuchomeka, mpya kabisa, ila pini zake ni zile bapa mbili. Naweza kuweka adapta nikatumia? Na kama nikinunua yangu ninunue ya aina gani? (Fundi kijana, Sakina)

JIBU: Mdogo wangu usichomeke. Adapta inabadilisha umbo la pini tu haibadilishi umeme. Kule umeme wa nyumbani ni volti 120 na hezi 60, huku kwetu ni 230 na hezi 50, kigeuze uangalie nyuma, kama kimeandikwa 120 tu ukikichomeka kitaungua na pengine kikurukie usoni. Usitegemee hata transfoma ya kushusha, kile kitumaji kinatakiwa kikae kwenye waya wa ukutani moja kwa moja ndio mapigo yafike kwenye breka vizuri. Mshukuru binamu, kihifadhi, siku nyingine mwambie atafute chenye 230 au kinachokubali kote kuwili.

Cha kununua kinategemea kazi unazopata. Kama ni kuandika bodi za watu, cha kuchomeka kinatosha, ni rahisi na kinaingia mfukoni. Lakini mafundi wa mtaani kazi kubwa ni ile mtu katoboa ukuta na drili anatundika tivii, waya umekatika ndani ya plasta na hajui wapi. Kwa hiyo kazi cha kuchomeka hakikufai, unataka chenye vibanio viwili, kinachofanya kazi kwenye waya wenye umeme na usio na umeme.

Kukitumia kuna kitu ambacho wengi hawakijui na kitakupa jina mjini. Zima meni, pima uhakikishe hakuna umeme, fungua huo waya pande zote mbili uwe peke yake. Kibanio kimoja weka kwenye waya unaoutafuta. Cha pili USIWEKE kwenye nyutro (waya wa kurudishia umeme) iliyopita nao bomba moja. Ukiweka pale, umeme unakwenda na waya mmoja unarudi na wa pembeni yake, usumaku wa huyu unafuta wa yule, kipokezi kinabaki kimya unasema mashine mbovu. Cha pili kipeleke mbali, kwenye ethi (waya unaokwenda ardhini) iliyo peke yake, hata ukachimbia chuma nje kwenye udongo wenye unyevu ukavuta waya mrefu mpaka pale. Hapo sasa pita na kipokezi ukutani kuanzia kwenye swichi, utasikia sauti inakufuata kama mtoto anakufuata sokoni, ikifika mahali ikafa ghafla, rudi nyuma kidogo, sogeza kulia kushoto, bado imekufa, weka alama ya penseli. Karibu na hapo ndio waya umekatika. Toboa kidogo usibomoe ukuta mzima wa watu.

Kama bomba ni la chuma, kama utakavyokuta kwenye baadhi ya majumba ya zamani ya mjini, sauti haitoki nje, chuma kinaizuia, utafuata kuanzia boksi mpaka boksi. Na vile vimashine vya kutafuta waya za simu na intaneti, vya bei nafuu, usiviweke kwenye waya wa umeme ulio hai, vingi havikutengenezwa kwa hiyo kazi.

Kabla hujalipa dukani geuza mwili wa kifaa utafute maandishi ya CAT, hilo ni daraja la usalama, linaonyesha kifaa kinafaa kutumika sehemu gani ya umeme. Cha kufanyia kazi kwenye bodi kiwe CAT III na volti 600, CAT II ni ya kwenye soketi. Kama hakijaandikwa chochote kiache hata kama muuzaji anakuambia ni orijino. Na mdogo wangu anza kufuatilia leseni ya EWURA (mamlaka inayosimamia nishati na maji) mapema, cheti cha VETA ni hatua, leseni ndio inakuruhusu kusaini kazi.

SWALI: Fundi mimi nimepanga Kijenge, nyumba moja tuko wapangaji watatu kila mtu na LUKU yake. Yuniti zangu zinaisha haraka mno, nina friji ndogo, tivii na taa tu. Nahisi jirani ananyonya umeme wangu. Tresa itanionyesha? (Mpangaji, Kijenge)

JIBU: Pole dada (au kaka, hukuandika). Itakuonyesha ila mwishoni, kuna vitu vya kufanya kwanza ambavyo havina gharama.

Zima kila kitu ndani kwako, na uchomoe kabisa, friji, chaja, tivii, usiache hata kataa kekundu. Meni iache imewaka. Nenda kwenye LUKU uangalie kile kitaa kinachopepesa. Pembeni yake mara nyingi kumeandikwa idadi ya mapepeso kwa yuniti moja, tuseme 1000. Hiyo maana yake kikipepesa mara 1000 imeondoka yuniti moja. Kama umezima vyote na kitaa hakipepesi hata ukikaa dakika kumi, umeme wako hauendi popote, tatizo liko kwenye vifaa vyako na mimi ningeanza na mpira wa mlango wa friji. Kikipepesa, hesabu sekunde kutoka pepeso moja mpaka lingine. Ikiwa ni sekunde 36 kuna kitu kinakula wati 100, ikiwa ni sekunde 18 ni wati 200. Kwa hesabu hiyo unaweza hata kukisia, wati 100 mfululizo usiku mzima inaweza kuwa taa za nje za nyumba nzima zimeungwa kwako.

Sasa kitaa kikiwa kinapepesa anza kuzima breka zako moja moja. Breka utakayozima kitaa kikaacha kupepesa, hiyo ndio njia umeme unapotokea. Hapo ndio muite fundi na tresa yake yenye vibanio, aunge kwenye waya wa hiyo breka na kuufuata unakwenda wapi, ukutani, juu ya silingi bodi, mpaka uone unaingia kwa nani. Mara nyingi siyo wizi. Nyumba ilijengwa ya familia moja, baadaye ikagawanywa ikawekewa LUKU tatu, na yule aliyegawanya hakufuata kila waya, kwa hiyo soketi moja ya jirani ikabaki upande wako na jirani mwenyewe hajui. Kwa hiyo usiende kumgongea mlango kwa hasira, nenda kwa mwenye nyumba na hesabu yako ya sekunde mkononi, akiona ataelewa.

Ukizima meni swichi yako kabisa na kitaa bado kinapepesa, basi kuna kitu kati ya LUKU na meni, hapo usiguse wala usimruhusu fundi yeyote wa mtaani aguse, na lakiri ya mita usiikate, ripoti TANESCO.

SWALI: Fundi tulitumia tresa nyumbani Rau, ikatuonyesha breka namba 4 ya taa za chini, tukaizima, taa zikazimika. Lakini kijana aliyefungua boksi la ngazi alipotenganisha waya nyeusi alipigwa shoti. Nyeusi si nyutro? Imekuwaje? (Mzee wa ghorofa moja, Rau)

JIBU: Shikamoo mzee. Huyo kijana mpelekeni hospitali akaangaliwe moyo hata kama anasema yuko sawa.

Tresa haikuwadanganya, breka 4 kweli ndio ya taa za chini. Shida ni kwamba breka inakata waya wa moto tu, nyutro inabaki. Kwenye nyumba za ghorofa ile taa ya ngazi yenye swichi mbili, chini na juu, mafundi wengine ili kuokoa waya wanachukua moto kutoka taa za chini na nyutro wanaiazima ya taa za juu, au kinyume chake. Zikichanganywa hivyo, kwenye boksi la ngazi mnazima breka ya chini huku taa za juu bado zinawaka na umeme wake unarudi kwa kupitia ile nyutro ya pamoja. Ikiwa imefungwa haina neno, mtu akiitenganisha, upande mmoja unakuwa na volti 230 papo hapo kwa kupitia taa ya juu inayowaka, na yeye ndio anakuwa njia ya kurudi.

Kwa hiyo kwenye boksi la ngazi zimeni breka za taa zote mbili, chini na juu, au zimeni meni kabisa, alafu pimeni kila waya kwa maltimita, nyeusi pia. Fundi atakayekuja azitenganishe hizo nyutro kila moja ikae na moto wake, na azijaribu kwa kuzima upande mmoja na kupima mwingine.

Na kuhusu rangi mzee, usiziamini sana kwenye nyumba iliyofanyiwa kazi na mafundi tofauti. Waya za mtindo wa zamani moto ni nyekundu na nyutro ni nyeusi, za mtindo mpya moto ni kahawia na nyutro ni bluu. Kwenye umeme wa fezi tatu, yaani wenye waya tatu za moto, ndio hatari zaidi, zamani bluu ilikuwa ni moja ya fezi, sa hivi bluu ni nyutro, na nyeusi ambayo zamani ilikuwa nyutro sa hivi ni fezi. Nyumba moja ikiwa na waya za zamani na nyongeza ya juzi, bluu mbili kwenye boksi moja zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Mkishapima, fungeni tepu ya rangi sahihi kwenye ncha ya kila waya, na pale kwenye bodi breka ya 4 na ile ya juu muandike kwa maka peni: NGAZI, ZIMA ZOTE MBILI.